Nilimwambia Afisa Silijui Jina la Mke wa Mwanangu

Mama Laurencia wa safu ya ushauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi iweke tu, siku moja utanirudishia. Naitwa Nosim, ni mjane, miaka yangu ni hamsini na nane kwa makadirio ya kitambulisho, watoto sikuhesabii maana kwetu watoto hawahesabiwi, na nakaa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Wasso. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nilisoma kisomo cha watu wazima miaka mitatu chini ya mwalimu mkali sana, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni vidole tu, akili iko sawa. Nakuomba unijibu upesi kwa sababu siku zimebaki kumi na tisa na aliyeharibu ni mimi.

Nina mwanangu anaitwa Supeet, anaendesha magari ya watalii na makao yake ya kazi ni Karatu, ni kijana mzuri lakini ana hasira za karibu. Mwaka juzi alipelekwa Uholanzi kusoma miezi kumi, na huko akakutana na binti ambaye ni daktari wa mifugo, wakapendana, wakaoana bomani huko kwao mbele ya watu wanne na mimi sikuwa mmoja wao. Habari nilizipata kwa simu nikiwa nakamua, Supeet akasema yeyo, yaani mama, nimeoa, akalitaja jina la mkewe, nami nikamwambia sawa, nikakata simu nikaendelea kukamua, na kwa mwezi mzima sikuipokea simu yake hata akipiga mara tano, maana mwanangu wa kwanza ameoa na mimi sikumpaka mtu mafuta, sikupika chai ya mtu, sikuimba.

Walikuja mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha uso mgumu, nikauonyesha siku tatu, siku ya nne ukanishinda. Mama Laurencia, yule binti nikikueleza utafikiri nimelipwa. Anaamka kabla yangu, anachota maji bila kuambiwa, anakaa jikoni kwenye moshi macho yanamtoka machozi na hatoki nje, Kimasai anakiokota neno kwa neno kama mtu anayeokota kuni na akikosea anacheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Supeet akiwa safarini na wageni wake yeye haendi kukaa hotelini wala hajifungii kwenye nyumba yao ya kupanga pale Karatu, anapanda basi anakuja kwangu, na njia ile unaijua ilivyo.

Mwezi wa pili ng'ombe wangu mwekundu alishikwa na uchungu tangu alfajiri na jua likasimama utosini ndama hajatoka, alikuwa amekaa vibaya, ametanguliza mkia, wanaume wawili walijaribu wakashindwa, mmoja akaanza kunoa kisu akisema bora tuwahi nyama. Mke wa mwanangu akavua saa, akanawa mikono mpaka mabegani kwa sabuni yangu ya kufulia, akalala chini kwenye samadi na gauni lake la kitenge nililompa mimi, akaingiza mkono akafumba macho, akawa anaongea na yule ng'ombe polepole kwa lugha ya kwao, akaikunjua miguu ya nyuma ya ndama mmoja baada ya mwingine huko huko ndani bila kuona, halafu akavuta. Ndama akatoka hai. Yeye akakaa pale pale chini akilia na kucheka, samadi mpaka kwenye nywele, na wale wanaume wawili wakawa wanaangalia viatu vyao.

Siku ile ile nikampa yule ng'ombe mwekundu na ndama wake, mbele ya watu, kwa mkono wangu. Wewe si Mmasai kwa jina lako lakini umekaa na sisi utakuwa unajua, watu wakipeana ng'ombe hawaitani tena majina, mimi namwita Pakiteng na yeye ananiita Pakiteng, na jina lake la kuzaliwa halitoki tena kinywani mwangu kwa sababu kumtaja ni kumvunjia heshima, ni kusema ng'ombe yule si kitu. Alipolielewa jambo hilo alifurahi hata akampigia mama yake kumweleza. Na majirani walipoanza kumletea mbuzi wagonjwa na ndama wanaoharisha aliwaambia, samahani, mimi hapa bado ni mgeni wa matembezi, sina kibali cha kazi, mwiteni bwana mifugo wa kata, na nilimwona jinsi mikono ilivyokuwa inamwasha lakini hakumgusa hata mmoja.

Sasa nije kwenye kosa langu. Supeet alieleza kwamba kuolewa na Mtanzania ni jambo moja na kuruhusiwa kukaa ni jambo lingine, kwa hiyo walipeleka maombi uhamiaji, wakapeleka cheti cha ndoa cha huko Uholanzi na tafsiri yake na picha na barua, na kwa kuwa kwao Supeet ni hapa kwangu, wakaambiwa afisa atafika nyumbani kuthibitisha kama ndoa ni ya kweli, maana wapo watu wanaoana karatasi tu ili mmoja apate kukaa. Afisa alikuja siku ambayo hao wawili walikuwa Karatu. Ni kijana mstaarabu, alivua kofia, akanisalimia vizuri, akaketi kwenye kigoda, na aliyemleta ni Moloimet, mwenyekiti wetu wa kitongoji, naye akakaa pembeni akasikia yote.

Akaniuliza, "Mama, Supeet ni mwanao?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Ana mke?"

"Anaye."

"Mke wake anaitwa nani?"

Nikasema, "Pakiteng."

Akaangalia karatasi zake, akageuza ya kwanza na ya pili. "Hapa sioni jina hilo. Kwenye pasi yake anaitwa nani?"

Nikasema, "La kwenye pasi silijui."

"Mama, hujui jina la mkwe wako?"

Nikasema, "Mimi huyo simtaji." Na jina nalijua, Mama Laurencia, nalijua tangu siku ile ya simu, lakini nilimwona huyu kijana wa watu ananitaka nivunje kitu ambacho hata yeye hakijui, nikaona bora nikae kimya.

Halafu akaniuliza, "Harusi yao ulihudhuria?" Nikamjibu, "Harusi gani? Hapa hapajafanyika harusi." Na hapo sitaki nikudanganye, hilo la harusi nililisema nikasikia raha kidogo.

Akaandika, akanisomea harakaharaka, akasema kama hujui kuandika weka dole gumba. Nikamwambia mimi naandika, nikachukua kalamu nikasaini jina langu lote kwa mbwembwe, hata nikapiga mstari chini yake, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kusaini kitu cha serikali.

Baada ya wiki mbili Supeet akapata barua kwamba maombi yamesimama kwa sababu taarifa zilizotoka kijijini zinaonyesha ndoa haitambuliki, kwa hiyo walete maelezo, na wasipoleta, muda wa matembezi wa mkewe ukiisha itabidi aondoke nchini. Supeet akaja amefura, akasema huyu ni Moloimet, ndiye aliyempokea afisa, na mwaka jana waligombana wao wawili kuhusu zamu ya birika la mifugo. Akamsema mbele ya rika lake kwamba amemuuza mkewe. Moloimet alikuwepo. Alipandisha shuka begani akaondoka.

Kesho yake Moloimet akaja kwangu, hakutaka hata chai, akaniita kwa heshima, mama wa Supeet, akasema, "Ng'oto Supeet, nilikuwepo na nilisikia. Neno lililotoka kinywani mwako sitalisema mimi. Lakini mwanao hanisalimii, na watoto wangu wanaona."

Mke wa mwanangu naye akaniuliza, "Yeyo, nani aliwaambia hivyo?" Nikamjibu sijui.

Na sasa kuna mtu mmoja wa Karatu, ni wale wanaozunguka maofisini bila kuwa na ofisi, amemwambia Supeet njia rahisi ni kuisahau ndoa ya Uholanzi, waandike kwamba hawajawahi kuoana, wafunge ndoa mpya hapa, yeye atawatengenezea kila kitu kwa wiki moja. Supeet amekubali, wamepanga Ijumaa ya wiki ijayo. Mkewe amekataa. Alisema mbele yangu kwa Kiswahili chake kile kile, "Mimi nimeolewa. Nikiandika sijaolewa, basi miezi yote hii nilikuwa nani kwako?" Supeet akapandisha sauti, yeye hakupandisha, akaingia ndani, na asubuhi nikamwona anakunja nguo moja moja anaziweka kwenye begi, na lile gauni la kitenge la siku ya samadi amelifua mpaka limepauka, ameliweka juu kabisa.

Niliwaza kwenda ofisini nikaseme ukweli, lakini mke mwenzangu Nashipai, ambaye ndiye mkubwa, anasema nikilitaja jina la Pakiteng mbele ya mtu wa serikali na likaandikwa ni sawa na kwenda zizini kumchukua tena yule ng'ombe, na kwamba undugu ukivunjwa hivyo haushonwi. Na nikinyamaza, anaondoka. Na nikisema, mwanangu atajua aliyemuuza mkewe ni mama yake, na itabidi apige magoti kwa Moloimet kwa ajili yangu. Nisaidie, Mama Laurencia, kuna namna ya kulirekebisha hili bila kumtaja? Mtu mwingine hawezi kumtaja kwa niaba yangu? Nifanye nini?

Ni mimi Nosim,
Wasso

Mama Supeet,

Marahaba, na niliipokea bila wasiwasi, nina miaka sitini na miwili. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama kwa sababu ulinikasirisha. Kabla ya safu hii nilikaa miaka ishirini na sita kwenye dirisha la serikali nikiandikisha vizazi, vifo na ndoa, kwa hiyo watu waliofika na karatasi nzuri wakaponzwa na midomo yao wenyewe nimewaona wa kutosha. Wewe umenishinda kidogo tu, kwa ule mstari uliopiga chini ya saini.

Nianze na pole, maana unaistahili. Yule afisa alifanya kazi yake sawasawa na wewe ulishika mila yako sawasawa, na katikati yenu akaumia mtu ambaye hakuwepo. Kama ungesema maneno machache tu, "jina nalijua lakini kwetu mimi siruhusiwi kumtaja, muulize Moloimet hapo pembeni", leo binti yule asingekuwa anakunja nguo. Hukusema. Mila haikukukataza kueleza mila, Mama Supeet. Kilichokukataza ni kiburi, nawe unajua.

Na usinichanganyie maswali mawili. Lile la jina ulijibu kwa heshima ya ng'ombe, nalikubali. Lile la harusi ulijibu kwa kinyongo. Ulikuwa unamlipa mwanao kwa ile simu uliyoipokea ukiwa unakamua, na malipo yakamwangukia mkewe, yule yule aliyelala kwenye samadi yako. Mama kunyimwa harusi ya mwanawe wa kwanza inauma, nisikudharau, mimi mwenyewe wangu mmoja aliolewa Mwanza nikaletewa picha. Lakini siku ya nne ulishasamehe, umeandika mwenyewe. Afisa alikuja baada ya siku ya nne.

Sasa sikiliza na umsomee Supeet. Ndoa iliyofungwa nje kwa taratibu za huko, na wote wawili walikuwa huru kuoana, huku kwetu haiwi takataka kwa sababu hukupika chai. Ni ndoa. Wao tayari ni mume na mke, na mtu aliye na mume hawezi kwenda kuandika kwamba hana mume ili aolewe na huyo huyo. Huo ni uongo wa kiapo, na uongo wa kiapo hauna uzee, siku yoyote faili likifunguliwa unakaa pale pale unawasubiri. Leo mnaulizwa jina tu. Kesho mtaulizwa kwa nini kuna ndoa mbili zenye tarehe mbili, moja inasema mwaka juzi walioana na nyingine inasema mwaka huu hawakuwa wameoana, na hapo hata mimi nikiwa dirishani ningewakatalia. Huyo mtu wa Karatu mwambieni asante, mwende zenu. Asiye na ofisi hana pa kutafutwa mambo yakiharibika.

Lakini pia Supeet asijidanganye kwamba cheti cha ndoa ndicho kibali. Alikueleza vizuri, kuolewa ni jambo moja na ruhusa ya kukaa ni jambo lingine, basi yeye mwenyewe alishike. Maombi yenu hayajakataliwa, yamesimama yakisubiri maelezo, na maelezo mnayo. Mwende na cheti chenyewe cha asili, siyo kivuli peke yake, na tafsiri yenye muhuri wa mtu anayetambulika, na pasi, na ile barua mliyopewa. Wewe utakuwa na hati ya kiapo iliyoandikwa na wakili au mahakamani, ukieleza kwa nini ulijibu ulivyojibu. Siku kumi na tisa si nyingi, kwa hiyo siku hiyo hiyo mke aulize habari ya kuongezewa muda wakati maombi yanashughulikiwa, asingoje siku ya mwisho. Taratibu hubadilika, na la mwisho watakuambieni wao wenyewe pale ofisini, siyo mimi na siyo jirani.

Huyu binti nimempenda na sijamwona. Ana ujuzi wote ule mikononi na anamwambia mwenye mbuzi mgonjwa "sina kibali" katika kijiji ambacho asingekamatwa na mtu. Angeweza kubaki kwa uongo wa wiki moja, akachagua kufungasha. Wapo wenyeji tuliozaliwa hapa ambao hatuziheshimu sheria za nchi hii nusu ya anavyoziheshimu yeye. Na Moloimet nampigia saluti kutoka hapa nilipokaa, kwa sababu kubeba lawama ya mtu mwingine mbele ya watoto wako ni kazi ngumu kuliko uenyekiti.

Na wewe nakuheshimu, usifikiri nakusema tu. Ungeweza kukaa kimya kabisa, mwanao na mkewe hawakuwa wanakushuku. Umechukua kalamu ukajishtaki mwenyewe kwa mtu usiyemjua. Lakini nikuonyeshe kitu. Umeniandikia kurasa sita, umemtaja Supeet, umemtaja Moloimet, umemtaja Nashipai, hata mimi umenitaja karibu kila ukurasa. Jina la huyu binti nimelitafuta tangu juu mpaka chini na halimo. Mimi ninayemtetea hapa simjui anaitwa nani. Sasa fikiria hilo faili.

Mambo ya ng'ombe usinitishe nayo. Mimi ni Mwiraqw, mababu zetu na mababu zenu walichukuliana ng'ombe vya kutosha, tunafahamiana. Nashipai ni mkubwa wako na sitamvunjia heshima, lakini Pakiteng ni jina la watu wawili, si lake. Wewe uliyetoa na yeye aliyepokea. Basi mwende mkalizungumze ninyi wawili. Kaa naye hapo kwenye boma lako, mwambie ni mimi niliyesema jina lako silijui, mwambie na lile la harusi nililisema kwa hasira, na hapo usijitetee. Kisha mwombe ruhusa ya kumtaja mara moja, mahali pamoja, kwa sababu moja. Akikuruhusu, hakuna wa kukuambia umevunja kitu. Na usiulize tena kama mtu mwingine anaweza kumtaja kwa niaba yako. Silijui ulisema wewe kwa mdomo wako, na nalijua utasema wewe kwa mdomo huo huo.

Ukitoka kwake nenda kwa Supeet, tena kabla hajaenda popote Ijumaa. Atakasirika, mwache akasirike, ni mwanao na hasira zake umesema ni za karibu. Akishapoa aende kwa Moloimet mbele ya rika lile lile alilomsemea, siyo pembeni, na wewe uwepo useme ni wewe. Kisha Moloimet aje nanyi ofisini, kwa sababu alikaa pale akasikia, na neno la mwenyekiti litakusaidia. Fanya kwa mpangilio huo. Ukianzia ofisini utarekebisha karatasi na nyumbani patabaki palivyo.

Na kalamu ukipewa, saini. Ule mstari wa chini safari hii unaruhusiwa.

Mama Laurencia
Karatu

Kwa wasomaji: kwa kuwa siku za Mama Nosim zilikuwa zinahesabika, sikungoja gazeti litoke, nilimpigia simu nikamsomea jibu hili lote, naye alisikiliza bila kunikatiza isipokuwa pale kwenye neno kiburi, aliguna. Jana basi la Wasso lilileta bahasha. Nanukuu alivyoandika.

"Mama Laurencia, nilimwambia mke wa mwanangu kila kitu tukiwa tunakamua. Akaendelea kukamua mpaka tulipomaliza. Kisha akaniuliza, Yeyo, ulikuwa na hasira na mimi au na Supeet? Nikasema na Supeet. Akasema basi mimi sina deni na wewe, nitaje. Supeet hakula kwangu siku mbili, ya tatu akaenda kwa Moloimet na mimi nyuma yake, nikasema mbele ya rika lote kwamba ni mimi. Supeet akapiga magoti, Moloimet akamwambia inuka, magoti hayo yaweke kwa mama yako, kisha akaagiza chai. Nguo zimetoka kwenye begi.

Tulienda ofisini sote, hata Nashipai alikuja akakaa karibu na mlango. Alikuwa yule yule kijana aliyevua kofia. Alisoma kiapo, alisoma cheti, akasema maombi yataendelea na muda wa kukaa ataongezewa wakati wanasubiri majibu, majibu yenyewe bado. Halafu akaniuliza kwa mdomo wake, mama, mke wa mwanao anaitwa nani? Nilimgeukia mwenyewe kwanza, alikuwa amesimama kando yangu. Akakubali kwa kichwa. Nikasema anaitwa Hanneke, jina nalijua tangu siku niliyoambiwa ameolewa, ni mke wa mwanangu. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka watu wa dirisha la pili waligeuka. Nikasaini.

Tulipofika nje mke wa mwanangu alikuwa ametangulia kwenye ngazi, nikaogopa kwamba alilosema Nashipai ni kweli. Nikamwita, Pakiteng. Akaitika."